Tyubu Tano za Rangi Zinatosha: Kujifunza Kuchanganya kwa Anayeanza

Wengi tukianza kuchora hukimbilia boksi la rangi 24. Nami nililinunua, na kwa miezi kadhaa miti yangu yote ilikuwa na kijani kimoja, kile kilichotoka kwenye tyubu. Nunua rangi tano tu za akriliki, zile zinazochanganywa kwa maji: njano ya limau, nyekundu ya pilipili, majenta (waridi iliyokolea), buluu ya ultramarini na nyeupe. Nyeusi iache dukani.

Hatua ya 1: Chora duara. Ligawe vipande sita. Paka njano, nyekundu ya pilipili na buluu, ukiruka kipande kimoja kila mara. Kwenye vilivyobaki, changanya majirani wawili: upate chungwa, kijani na zambarau. Anza na rangi nyepesi, ile nzito uiongeze kwa ncha ya brashi. Buluu ni mlafi. Tone kama punje ya mchele linatosha kugeuza njano ya kijiko kizima.

Hatua ya 2: Tazama zambarau yako. Imekuwa kama tope, sivyo? Mkono wako hauna kosa. Nyekundu ya pilipili imeelekea kwenye chungwa, yaani ndani yake mna njano. Ukiitia buluu, rangi zote tatu za msingi (njano, nyekundu na buluu) zimekutana, na zikikutana hufubaa. Rudia kwa majenta, uone zambarau inavyong'aa. Kwa sababu hiyohiyo kijani chako kimetoka kama mchicha uliopikwa: ultramarini ina wekundu kidogo. Mimi nakipenda hivyo, majani halisi hayang'ai kama plastiki.

Hatua ya 3: Rangi zinazotazamana. Kwenye duara lako, nyekundu hutazamana na kijani, njano na zambarau, buluu na chungwa. Ukiziweka bega kwa bega, kila moja humkoleza mwenzake, ukizichanganya, zinazimana. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi kwenye kiwanda cha kufuma mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Akagundua nyuzi hazina kasoro, ila rangi za jirani ndizo zilizozifanya zionekane hivyo. Kitabu chake kuhusu jambo hilo kilitoka mwaka 1839.

Hatua ya 4: Chora embe. Weka embe bivu kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha. Upande wenye mwanga ni njano na nyekundu kidogo. Upande wa kivuli ndio unaowashinda wengi: wanatia nyeusi, na njano ikikutana na nyeusi hugeuka kijani cha kuoza. Wewe tia zambarau uliyoitengeneza kwa majenta, kidogo kidogo. Njano itatulia, iwe ya udongo, lakini bado ni embe. Kivuli kilicholala kwenye sahani kipake kwa buluu, nyeupe nyingi, na chembe ya rangi ya embe lenyewe.

Hatua ya 5: Jaribu kwa simu. Piga picha ya mchoro, kisha uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Embe likipotelea kwenye sahani, tatizo ni mwanga na giza, na hakuna rangi nzuri itakayoliokoa. Ongeza giza kwenye kivuli kwanza.

Halafu usiwe na haraka ya kusahihisha: akriliki hukolea kidogo ikikauka. Paka doa pembeni mwa karatasi, kanywe chai, urudi kulitazama.