Mkutano wenu umezuiwa? Jinsi ya kufungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha

Arusha kuna mahakama mbili ambazo watu huzikimbilia wakiwa na malalamiko dhidi ya serikali, na wengi wanaotoka Moshi na bahasha zao huanzia kule ambako hawatapokelewa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu haipokei tena shauri jipya la Mtanzania binafsi. Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililoturuhusu kwenda pale moja kwa moja, na tangu 22 Novemba 2020 njia hiyo imefungwa. Ni hasara kubwa kwa raia, na ninaomba siku moja tamko lirudishwe.

Iliyobaki wazi ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, kwenye makao makuu ya Jumuiya. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kupinga sheria, agizo, uamuzi au kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba.

Anza na ushahidi wa zuio. Taarifa ya mkutano inayopelekwa polisi saa 48 kabla, chini ya kifungu cha 43 cha Sura ya 322 (sheria ya Jeshi la Polisi), mnaijua. Nakala yenu iwe na mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mkizuiwa kwa mdomo, andikeni barua siku hiyohiyo: "Leo mmetuambia tusikutane, tunaomba sababu kwa maandishi." Nayo igongwe mhuri. Wakikataa kuipokea, aliyeipeleka aandike saa, mahali na cheo cha aliyeikataa, maana hayo ndiyo atakayoyaapia baadaye.

Sasa muda, na hapa someni polepole. Ibara ya 30(2) inatoa miezi miwili tu tangu siku ya uamuzi au kitendo, au siku mlipokijua. Kikundi chetu kilishauriwa na wakili kimalize kwanza ngazi zote za ndani. Tukakata rufaa, ofisi ikakaa na barua yetu kimya, na miezi miwili ikapita. Ushauri ule ungefaa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Banjul, Gambia, ambako ni lazima umalize njia za nchini kwako. Mahakama ya Afrika Mashariki haina sharti hilo. Kwa hiyo rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani kateni, lakini msiisubiri. Wala msitegemee huruma ya majaji: mwaka 2012 Kitengo cha Rufaa cha Mahakama hiyohiyo kililitupa shauri la shirika moja la Kenya kuhusu mateso ya Mlima Elgon kwa sababu lilichelewa. Kilisema Mkataba hauipi Mahakama uwezo wa kuongeza muda, na hakikukubali hoja kwamba ukiukwaji ulikuwa bado unaendelea. Watu waliteswa, na kesi yao ikaishia kwenye kalenda. Andikeni tarehe ya mwisho ukutani, kisha lengeni kumaliza wiki mbili kabla yake.

Kuandika hati nako kunataka uangalifu. Mjibu maombi ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwa niaba ya Jamhuri ya Muungano. Msimshtaki mkuu wa polisi wa wilaya. Msiishie kusema haki zenu chini ya Katiba zimevunjwa, kwa sababu Mahakama hii bado haijapewa mamlaka kamili ya haki za binadamu. Semeni zuio limevunja Ibara za 6(d) na 7(2) za Mkataba, zinazoifunga serikali kufuata utawala bora na utawala wa sheria. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 2007 na shauri la Katabazi dhidi ya Uganda, pale majaji waliposema hawatakwepa kazi ya kutafsiri Mkataba eti kwa sababu haki za binadamu zimetajwa. Kwa njia hiyohiyo Baraza la Habari Tanzania na wenzake walishinda Machi 2019 dhidi ya vifungu vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Ibara ya 20 ya Katiba, ya uhuru wa kukutana, itajeni, lakini kama hoja ya kuongezea nguvu.

Mkataba unataja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama, kwa hiyo barua za Kiswahili ziambatane na tafsiri. Tafuteni mtafsiri wiki ya kwanza, kwani kazi hii hula siku nyingi kuliko mnavyodhani. Hati ya kiapo iapwe na mtu aliyeshuhudia mwenyewe, ambaye si lazima awe mwenyekiti.

Mnaweza kujitetea bila wakili. Kabla ya kwenda, pigeni simu masjala kuuliza ada na idadi ya nakala. Hati ikipokelewa, msiondoke bila nakala yenye namba ya shauri na mhuri wa tarehe, kisha ulizeni utaratibu wa kumfikishia Mwanasheria Mkuu nakala yake na wekeni kumbukumbu kwamba ameipokea.