Jinsi ya kupima bayomasi na uzalishaji wa mimea: mbugani, miomboni na kwenye mikoko

Wadau, kabla hujashika hata mkasi, tofautisha vitu viwili. Bayomasi ni uzito mkavu wa mimea iliyopo sehemu leo hii, na uzalishaji ni mimea mipya kiasi gani imeota ndani ya muda fulani. Watu wengi wanapima cha kwanza alafu wanaandika ripoti kama vile wamepima cha pili, na hapo data yote inakuwa haina kazi tena. Nenda nyanda za majani mafupi kule Serengeti nyumbu wakishapita, bayomasi utakayokuta ni kiduchu sana, lakini hayohayo majani ndo yanalisha nyumbu zaidi ya milioni moja, yaani yanaliwa na kuchipua tena usiku na mchana.

Tuanze na mbuga. Tengeneza fremu ya nondo nyembamba, sentimita 50 kwa 50, fundi yeyote wa kuchomelea anakufanyia. Usiirushe kwa mkono ukasema umechagua kwa bahati nasibu, mkono wa mtu unapenda penye majani mazuri. Toa namba za bahati nasibu kwenye simu, hesabu hatua, weka fremu pale ilipoangukia namba hata kama ni udongo mtupu, udongo mtupu nao ni data. Kata mimea iliyoota ndani ya fremu hadi usawa wa ardhi, jani lililolalia ndani lakini shina liko nje liache. Tenga mabichi, makavu yaliyosimama na takataka za chini, kila kundi mfuko wake wa kaki, na lebo andika kwa penseli maana wino ukilowa umepoteza sampuli. Kausha kwenye oveni nyuzi 65 mpaka 70 kwa masaa 48 hivi, pima, rudisha, pima tena, uzito ukigoma kushuka ndo umekauka. Ukipata gramu 32 kwenye fremu hiyo zidisha kwa 4, ni gramu 128 kwa mita ya mraba, zidisha tena kwa 10 unapata kilo 1280 kwa hekta.

Sasa uzalishaji wa mbuga yenye wanyama unahitaji kizimba, na hapa naomba msiruke. Unafunga wavu wa chuma na vigingi imara juu ya kipande cha majani ili mnyama asile, na siku hiyohiyo unakata kipande jirani kinachofanana nacho kilicho nje. Tuseme nje umepata gramu 80. Baada ya wiki nne unakata ndani unapata 150, na nje, kwenye kipande kingine ambacho hukukikata, unapata 60. Kilichoota ni 150 toa 80, yaani 70, na kilicholiwa ni 150 toa 60, yaani 90. Ukiangalia tu nje ungesema mbuga imepungua gramu 20 wakati imezalisha 70! Alafu kizimba unakihamisha sehemu nyingine, usikiache palepale msimu mzima, kwasababu majani yasiyoliwa yanaota tofauti na yanayoliwa. Mtafiti wa ikolojia Samuel McNaughton alitumia vizimba vya kuhamahama Serengeti na kazi yake ya 1985 ilionyesha kwamba majani yanayoliwa kwa kiasi yanaweza kuzalisha kuliko yaliyozuiwa kabisa, kwahiyo kizimba cha kudumu kinakupa jibu la mbuga ambayo haipo.

Kwenye misitu ya miombo hukati miti, unapima kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko simama upande wa juu, mti uliogawanyika chini ya hapo hesabu kila shina peke yake, na kama tepu yako ni ya kawaida gawa mzunguko kwa 3.14. Ukiwa na urefu pia, fomula ya mtafiti Chave na wenzake ya 2014 inasema bayomasi ya juu ya ardhi kwa kilo ni 0.0673 mara (uzito wa mbao kwa kila sentimita ya ujazo × kipenyo² × urefu) kipeo cha 0.976. Mti wa sentimita 30, mita 15, mbao yenye gramu 0.6 kwa sentimita ya ujazo, unatoa kama kilo 439. Ila hiyo ni ya tropiki nzima, kwa miombo yetu mimi ningetumia milinganyo iliyotengenezwa hapahapa, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro wameshaitoa.

Uzalishaji wa msitu ni kurudi kwenye miti ileile na kuipima tena. Paka rangi mstari pale ulipopimia na namba igongelee mbali na huo mstari, maana penye msumari gome huwa linavimba. Ongeza mitego ya majani yanayodondoka, wavu wa robo mita ya mraba ulioinuliwa juu ya ardhi, kusanya kila wiki mbili kabla mchwa na mvua havijala hesabu yako. Fanya mwaka mzima, kwasababu miombo inapukutisha sana kiangazi na ukipima masika tu umekosa sehemu kubwa. Na kiangazi hichohicho ndo cha moto, safisha nyasi chini ya mitego.

Mikoko, mfano delta ya Rufiji, nenda na kalenda ya bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, maji yakitoka ndo unapata masaa ya kufanya kazi. Mkoko wenyewe ule wa mizizi kama miguu usiupime mita 1.3, pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Mchu na mlilana, aina nyingine za mikoko, pima kawaida. Nyasi bahari nazo zina njia nzuri sana: toboa majani yote ya chipukizi kwa sindano kwenye ala, pale majani yanapoanzia, rudi baada ya siku 10 hivi, tundu la jani la nje kabisa halijasogea kwasababu limeshaacha kukua, ya majani machanga yamepanda, na umbali kati yao ndo ukuaji. Suuza chumvi kwa maji yasiyo na chumvi na kwangua vidudu vilivyoganda kabla ya kukausha.

Mizizi ndo kazi ngumu, unachimba kwa bomba la chuma, unaosha juu ya chekeche, unatenga hai na iliyokufa kwa rangi na ulaini. Nyasi zinaweza kuwa na uzito mwingi chini kuliko juu, kwahiyo kama hukuchimba andika wazi kwenye jedwali “juu ya ardhi tu”, pamoja na tarehe ya kukata.