Somo: Kazi ya dari isije ikameza nyumba nzima

Asalaam alaykum. Wengi mmeuliza jambo moja: kazi ilianza ndogo, vipi sasa haishi? Aghalabu si wizi wa fundi wala ubakhili wa mwenye nyumba. Hakuna aliyesema inaishia wapi. Mfano wangu ni nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Zanzibar, maana zile ndizo mabingwa wa kuvimbisha kazi, ila hatua za kuiwekea kazi mpaka ni hizi hizi hata ukichimba kisima cha skuli Micheweni, kule Pemba.

Hatua ya 1. Iseme kazi kwa sentensi moja: "Kubadilisha boriti zilizooza na kusakafu upya dari ya chumba cha juu, upande wa barabarani." Usiandike "kukarabati nyumba". Ndani ya neno hilo kila mtu huingiza lake.

Hatua ya 2. Andika yasiyokuwemo. Hapa ndipo tunapoona haya, na hapa ndipo nilipoumia. Mzee mmoja alinipa dari ya chumba kimoja. Tukabandua plasta pembeni, tukakuta ukuta wa matumbawe umepakwa simenti. Simenti huuzuia ukuta ule kupumua. Unyevu na chumvi hubaki ndani, plasta humomonyoka. Mzee akasema, "Maadam mpo hapa, bandueni na kule." Kesho yake, maadam mpo hapa, ngazi. Kisha choo cha chini. Masika yakatukuta dari iko wazi. Siku hizi naandika mapema: umeme haumo, ngazi haimo, choo hakimo, kuta nyengine hazimo. Mwenye nyumba hukunja uso siku ya kwanza tu.

Hatua ya 3. Igawe kazi vipande, na kila kipande useme kitajulikanaje kimekwisha. "Boriti zimekaa, fundi na mwenye nyumba wamezikagua" ni kipande. "Kazi inaendelea vizuri" si kipande.

Hatua ya 4. Ombi jipya lisijibiwe papo hapo. Liingie daftarini pamoja na mambo matatu: litaongeza shilingi ngapi, siku ngapi, na litasogeza nini. Kuna ombi linaloonekana dogo, nalo ni mradi mwengine kabisa. "Toa ukuta huu mmoja tu, sebule ipanuke." Boriti za mikoko ni fupi, kiasi cha mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya kale ni vyembamba. Ukuta huo umezibeba boriti za pande zote mbili! Tena Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000, na kibali ulichokiombea dari usidhani kinafunika na kuvunja ukuta. Rudi kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kwanza.

Hatua ya 5. Makabidhiano: soma sentensi ya kwanza mbele ya mwenye kazi, mkague pamoja.

MASWALI

Maalim, mwenye kazi ni ami yangu. Nimpelekee karatasi atie saini?
Atakasirika, nami ningekasirika. Mtumie ujumbe: "Ami shikamoo, kama tulivyozungumza, ngazi itaongeza siku nane na pesa kiasi hiki. Nianze?" Akijibu "anza", umeshapata saini. Usiufute.

Tumefungua dari tukakuta boriti nne zaidi zimeliwa na mchwa. Hiyo ni ziada?
Lengo ni lile lile, idadi ndiyo imezidi. Kwa hiyo boriti hukadiriwa bei moja moja, na akiba ikawekwa tangu mwanzo kwa yaliyojificha. Kama hukufanya hivyo, simamisha, piga picha, mwite mwenye nyumba apande aone kwa macho yake. Usizifunike ukanyamaza.

Sisi ni kamati ya skuli huku Pemba. Mfadhili wa kisima anataka tuongeze na vyoo, muda ule ule.
Vyoo ni jambo jema, lakini pesa zake ameleta? Kama hajaleta, mwambieni achague: kisima kikamilike, au vyote viwili vibaki nusu. Na vyoo vikiwa karibu na kisima, maji mtakayochota hayatanyweka. Hilo mwambieni kwanza.

Na yule mzee wa dari, mwisho ilikuwaje?
Alinilipa nusu ya ziada, nikapokea. Kila nikipita Shangani huniita: "Fundi, ile ngazi vipi?"