Kumuuguza mzazi aliyepata kiharusi: pangeni zamu kwanza

Kazi yangu ni uuguzi wa majumbani. Ninachokikuta mara kwa mara ni familia iliyokwisha kununua godoro na pampasi bila kukubaliana nani atalala na mgonjwa. Mzigo unamwangukia binti mmoja, na kazi yake inaishia hapo.

Hatua ya 1. Kaeni kikao kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Andikeni majina, "tutasaidiana" haitoshi. Nani mchana, nani usiku, nani dawa? Aliye mbali, awe Mwanza au Muscat, alipe msaidizi. Simu za pole hazimgeuzi mgonjwa.

Hatua ya 2. Mkiwa bado wodini, mwombeni muuguzi awafundishe kumgeuza na kumlisha, nanyi mfanye mbele yake.

Hatua ya 3. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, usiku pia. Ndiyo maana zamu ni lazima. Mlaze ubavu, mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti, visigino visiguse godoro. Wakati wa kumwogesha kagua nyonga, visigino na pale juu ya makalio. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu tu: sehemu iliyokolea rangi, yenye joto au ngumu kuliko pembeni ni dalili ya kidonda. Usiisugue. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono uliopooza, utaliumiza bega. Kumvalisha, anza na mkono huo. Kumvua, anza na ule mzima.

Hatua ya 4. Ale akiwa amekaa wima, vijiko vidogo, kisha abaki amekaa nusu saa. Akipaliwa kila anywapo, acheni, apimwe umezaji: chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia.

Hatua ya 5. Wekeni daftari moja: presha, dawa, choo, saa ya kugeuzwa. Anayeingia zamu alisome kabla mwenzake hajaondoka.

Hatua ya 6. Usiku usio wako, lala chumba kingine. Ukianza kumfokea mgonjwa au machozi kukutoka ovyo, umeelemewa, liseme kikaoni. Kupumzika hakukukoseshi radhi za mama.

Mdomo ukipinda upya, mkono ukilegea ghafla au maneno yakiparaganyika, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.