Kutembea kwa miguu Ukerewe hadi jumba la chifu Bukindo

Ukitaka likizo ya kutembea, panda meli Mwanza ushukie Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe ndani ya Ziwa Victoria, au kama uko upande wa Bunda vuka na kivuko cha Kisorya. Lala Nansio, alfajiri anza mguu kwenda Bukindo kwenye jumba la zamani la machifu wa Wakerewe, omba ruhusa kwanza kwa wenyeji maana pale ni kwa watu, ndo uzunguke taratibu. Njiani utapita mashamba ya mihogo na michungwa, nunua machungwa hapohapo, matamu balaa! Nenda Juni mpaka Agosti mvua zikiwa zimekata. Na jamani hata joto likizidi usioge ziwani, kichocho kipo kweli.