Aseniki dhidi ya saratani ya damu ya APL: inavyoua seli, na jinsi ya kumpa mgonjwa

Seli ya APL imekwama utotoni kwa sababu ya protini mbovu, PML-RARA. Aseniki trioksidi hushika sehemu ya PML. Protini hiyo mbovu hubandikwa SUMO, kisha yubikwitini (protini ndogo za kuweka alama), na proteasomu, kinu cha seli cha kusaga protini, huisaga. Kizuizi kikiondoka, seli hukomaa na hatimaye hufa. Dawa ikiwa nyingi zaidi ndani ya seli, mitokondria (vinu vya nishati vya seli) huvujisha protini ya saitokromu c, kaspesi (vimeng'enya vya kuvunja seli) huamka, na seli hujivunja yenyewe.

Dozi ni miligramu 0.15 kwa kilo kwa siku: mgonjwa wa kilo 60 hupata miligramu 9. Changanya na mililita 100–250 za deksitrosi 5% au salaini, iingie mshipani kwa saa 1 hadi 2. Kabla yake piga ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Potasiamu izidi 4 mmol/L na magnesiamu 1.8 mg/dL. QTc (muda wa QT kwenye ECG, yaani umeme wa moyo kuwaka na kutulia kwa kila pigo, uliorekebishwa kwa kasi ya mapigo) ikivuka milisekunde 500, simamisha dawa, rekebisha chumvi hizo.

Huku Mwanza kosa la hatari ni la malaria. Mgonjwa akipata homa, mkono hukimbilia kwinini au dawa mseto, nazo pia, kama aseniki, hurefusha QT. Pima malaria kwanza! Homa yenye kuhema kwa shida, kuvimba miguu na uzito unaopanda ghafla huenda ni seli zinazokomaa kwa kishindo. Usisubiri majibu ya eksirei: deksamethasoni miligramu 10 mshipani, kila saa 12, mara tu unaposhuku.