Ukisaga matawi kwa trekta dogo

Kabla ya kuingiza tawi la kwanza, ongeza mafuta mpaka PTO (shafti ya trekta inayozungusha mashine ya kusagia) ifike mizunguko 540 kwa dakika. Ikiwa chini ya hapo, tawi nene hukwama na injini huzimika. Tanguliza upande wa shina, vitawi vitafuata vyenyewe, nawe simama kando: tawi lenye panda likivutwa hupiga kama fimbo. Vipande vikianza kutoka kama nyuzi, visu vimekuwa butu, vinoe.

Na ikikwama, tafadhali sana, usiingize mkono. Zima injini, chomoa ufunguo, subiri. Gurudumu la visu ni zito, huendelea kuzunguka muda mrefu hata PTO ikishakatwa. Kanga, shali na mikono ya shati inayoning'inia zisikaribie shafti kabisa.